Kushuka Hadi Matumbawe Bila Kuumiza Masikio: Mwongozo Kamili kwa Wakaaji wa Goma na Bukavu

Wasomaji wa Goma na Bukavu wanaendelea kuniandikia habari ile ile. Wamejinyima kwa miezi mingi, wamesafiri hadi Unguja, wamelipia mbizi yao ya kwanza kwenye matumbawe ya Mnemba na kuvalishwa mtungi wa hewa. Walipofika mita mbili au tatu chini ya maji, masikio yakawauma hata ikawabidi warudi chomboni na kukaa juani, huku wenzao wakitazama kasa na samaki aina ya pono huko chini.

Mimi pia yalinipata. Mara yangu ya kwanza nilijilazimisha kufika karibu mita nne, kwa sababu aliyeniongoza aliendelea kunionyesha ishara ya kushuka nami nikaona haya kukataa. Nilipopanda, ndani ya miwani yangu mlikuwa na maji yaliyochanganyika na damu, na sikio la kushoto lilibaki limeziba kwa siku tisa.

Tatizo hili halitokani na woga. Karibu kila anayeniandikia alianza kusawazisha masikio, yaani kuingiza hewa ndani yake ili ilingane na shinikizo la maji, baada ya kusikia maumivu, na kwa wakati huo alikuwa amekwisha kuchelewa. Kazi ya kusawazisha huanza juu ya maji, hurudiwa kila nusu mita, na inafaa ijifunzwe hapa kwetu Ziwa Kivu wiki mbili au tatu kabla ya safari. Hatua zifuatazo haziwezi kuchukua nafasi ya mkufunzi mwenye cheti. Zinakufikisha kwake ukiwa tayari.

## Vitu vya kuandaa

- Miwani ya kuzamia inayofunika macho pamoja na pua, yenye sehemu ya pua ya mpira laini unaoweza kubanwa kwa vidole. Miwani ya kuogelea haifai hata kidogo: pua ikiwa nje, huwezi kuijaza hewa, na shinikizo la maji litaibana machoni hadi mishipa midogo ivuje damu.
- Mrija wa kupumulia. Mapezi ya miguuni si lazima uyanunue, kwani utayakodi pwani.
- Kamba nene ya mita tano, iliyofungwa kifundo kila nusu mita. Ncha moja ifungwe kwenye bidoni tupu la lita 20 lililozibwa vizuri, nyingine kwenye jiwe zito.
- Chupa tupu ya plastiki ya nusu lita, yenye kizibo chake.
- Kioo kidogo cha mkononi.
- Fulana ya mikono mirefu, itakayokukinga na jua bila kuhitaji mafuta mengi ya ngozi ambayo mengine hudhuru matumbawe.
- Mtu wa pili anayejua kuogelea vizuri. Huyu ndiye wa lazima kuliko vyote vilivyotajwa.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo anayetoka Kongo huulizwa anapoingia Tanzania.

Usinunue vizibo vya masikio. Kizibo hufungia hewa kati yake na ngoma ya sikio, mahali ambapo huwezi kuisawazisha kwa njia yoyote.

## Hatua ya 1: Muone daktari kwanza

Kila kituo makini cha kuzamia kitakupa dodoso la afya ulijaze. Mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo, pafu lililowahi kupasuka au sikio lililofanyiwa upasuaji anatakiwa kupata kibali cha daktari, na mwanamke mjamzito asizamie. Ukilijaza dodoso hilo pwani asubuhi ya mbizi na jibu moja likawa "ndiyo", utarudishwa na huenda usirudishiwe fedha. Mwombe daktari wa Goma au Bukavu akuchungulie masikio pia, kwa sababu nta iliyoganda ndani hutolewa kwa dakika chache.

## Hatua ya 2: Tafuta misuli yako mbele ya kioo

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa. Mrija mwembamba unakiunganisha na sehemu ya juu ya koo, nyuma ya pua, na kwa kawaida mrija huo umefungwa. Unaposhuka majini, maji husukuma ngoma ya sikio kuelekea ndani, na dawa yake ni kuufungua mrija ili hewa ya kooni iingie na kusawazisha pande mbili.

Njia ziko tatu, na watu hutofautiana katika ile inayowakubali.

Ya kwanza ni kubana pua, kufumba mdomo na kupuliza polepole kuelekea puani. Inaitwa njia ya Valsalva. Ndiyo rahisi kueleza, na ndiyo pia inayoumiza wengi, kwa sababu mtu akiona haijakubali huongeza nguvu. Puliza kama unayepoza kijiko cha uji, na usizidishe sekunde tatu.

Ya pili, ya Toynbee, ni kubana pua na kumeza mate. Kitendo cha kumeza huivuta midomo ya mrija ikafunguka.

Ya tatu, ya Frenzel, huchukua muda kuielewa lakini ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote. Bana pua, funga koo kana kwamba unainua mzigo mzito, kisha sukuma shina la ulimi juu na nyuma kana kwamba unataka kutamka "ka" bila kutoa sauti. Hewa inayosukumwa ni ile tu iliyo kinywani na puani, kwa hiyo kifua hakifanyi kazi na si rahisi nguvu kuzidi.

Simama mbele ya kioo. Ukifanya vizuri, utaona kuta za pua zikifutuka kidogo juu ya vidole, na zoloto shingoni ikipanda na kushuka huku kifua na tumbo vikiwa vimetulia. Ndani ya kila sikio utasikia mlio mdogo mkavu, kama ukucha unaogusa meza. Mlio huo ndio unaoutafuta. Sikio moja likitangulia kufunguka kuliko lingine, inamisha kichwa upande wa sikio jepesi ili shingo ya lile gumu inyooke, kisha rudia.

Fanya hivyo mara kumi asubuhi na mara kumi jioni kwa muda wa siku saba. Ukiwa na mafua, acha kabisa mpaka yaishe. Usiende majini kabla hujapata mlio katika masikio yote mawili kila unapoutaka.

## Hatua ya 3: Chagua mahali salama ziwani

Ziwa Kivu halina matumbawe, lakini lina maji angavu na yasiyo baridi sana, na kwa zoezi hili tunahitaji mita tatu tu. Hata hivyo, lina hatari zake ambazo kitabu cha kuzamia kilichoandikwa kwa ajili ya bahari hakitakutajia.

Ya kwanza ni mazuku. Magharibi ya Goma, kuelekea Sake, hewa ya kaboni hutoka ardhini na kutulia mabondeni na mashimoni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi, na mtu huanguka kabla hajajua kilichompata. Huwa mbaya zaidi usiku na alfajiri, kabla upepo haujaamka. Kwa hiyo usiende ufukweni kabla ya saa tatu asubuhi, chagua mahali palipo wazi ambapo wakaaji huoga na kufua kila siku, na ukiona ndege, mijusi au wadudu waliokufa katika kishimo, ondoka mara moja na usiiname kutazama.

Ya pili ni Ghuba ya Kabuno. Maji yake yana kaboni nyingi kuanzia kina kidogo kuliko ziwa lenyewe. Usifanyie zoezi huko.

Ya tatu ni mteremko. Ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 450, na mahali pengi ukingo hushuka ghafla, hatua chache tu kutoka pale ulipokuwa umesimama. Pima kwa kamba yako kabla ya kuingia. Kwenye fukwe za Goma zenye mawe meusi ya volkano vaa viatu, kwa kuwa mawe hayo hukata kama kioo kilichovunjika.

## Hatua ya 4: Tazama chupa ikibanwa

Wasomaji wengi huruka hatua hii kwa kudhani kuwa ni mchezo wa watoto. Naomba usiiruke.

Funga chupa tupu kwa nguvu ukiwa juu ya maji, kisha mwenzako aishushe kwenye kamba hadi mita tatu, nawe utazame ukiwa umelala juu ya maji na miwani na mrija. Kwenye mita ya kwanza chupa hutoa mkunjo mmoja ubavuni. Kwenye mita ya pili ubavu wa pili huingia ndani, na kwenye mita ya tatu hewa yake huwa imepungua kwa takriban robo. Inapopandishwa hujinyoosha tena.

Chupa ile ni sikio lako. Tena utaona kwamba mkunjo wa kwanza ulitokea karibu sana na uso wa maji, mahali ambapo mtu huwa bado hajajiona kuwa ameshuka. Kwenye usawa wa bahari, mita 10 za kwanza huongeza shinikizo mara mbili, na ili liongezeke mara mbili tena ni lazima ufike mita 30. Ndiyo maana mita za mwanzo ndizo zinazotesa masikio, na anayezivuka vizuri huwa amemaliza sehemu ngumu ya kazi.

## Hatua ya 5: Shuka kifundo kwa kifundo

Mwenzako abaki juu, ameshika bidoni, macho yake yakiwa kwako. Mkishuka wote wawili kwa pamoja, hakuna wa kumwokoa mwenye shida. Usipumue haraka haraka kabla ya kushuka kwa nia ya kujaza pumzi, kwa kuwa jambo hilo huondoa mwilini ile hali inayokuhimiza kuvuta hewa, na mtu anaweza kuzimia ndani ya maji bila dalili yoyote. Pumua kwa utulivu dakika mbili, vuta pumzi moja ya kawaida, basi.

Sasa, ukiwa bado juu ya maji, kichwa nje, bana pua na usawazishe. Huu ndio mwanzo ambao karibu kila mtu huusahau. Mrija wa sikio uliofunguliwa kabla ya kushuka ni mwepesi kufunguka tena.

Jivute chini kwa mkono mmoja, miguu ikitangulia na kichwa kikiwa juu. Kichwa kikitangulia, damu huelekea kichwani, njia za hewa huvimba na mrija hufunguka kwa shida. Kwenye kifundo cha kwanza simama, sawazisha, usikilize mlio. Kwenye cha pili fanya vivyo hivyo. Mkono wa puani usiutoe kabisa.

Ikiwa sikio limekataa, usisukume. Panda kifundo kimoja au viwili, jaribu tena, na likikataa mara tatu, toka majini ukapumzike hadi kesho. Ukishuka kwa zaidi ya mita moja hivi bila kusawazisha, tofauti ya shinikizo huubana mrija ukafungika kabisa, na hapo hakuna kupuliza kutakakoufungua. Kupuliza kwa nguvu katika hali hiyo kunaweza kuumiza sikio la ndani na kuharibu usikivu daima.

Utajua kwamba umefaulu utakapofika kifundo cha sita, yaani mita tatu, mara tano kwa siku moja, bila kusikia hata dalili ya maumivu. Maumivu "kidogo" hayahesabiwi kuwa mafanikio. Usipite mita tatu kwa pumzi ya kushikilia.

## Hatua ya 6: Yazoee maji ndani ya miwani

Ukiwa umesimama kwenye maji ya kifuani, ingiza maji nusu ya miwani kwa kuinua ukingo wake, kisha zamisha uso. Bonyeza fremu ya juu kwenye paji la uso, tazama juu kidogo, na utoe pumzi polepole kwa pua hadi maji yote yatokee chini. Rudia mpaka moyo wako uache kwenda mbio. Mtu anayebana pua kila sekunde chache huvujisha maji kidogo ndani ya miwani, na asipoyazoea atapanda juu kwa hofu ilhali masikio yake ni mazima.

## Hatua ya 7: Siku ya mbizi yenyewe

Matumbawe ya Mnemba yako kaskazini mashariki ya Unguja, na boti huondoka Nungwi, Kendwa na Matemwe. Epuka masika ya Aprili na Mei kama unaweza. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, maji huwa na joto na mara nyingi huwa angavu. Anayekwenda Kisiwa cha Chumbe ajue kwamba huko huruhusiwi kutumia mtungi, ni miwani na mrija tu.

Kabla ya kupanda boti, mwambie mkufunzi maneno haya bila kuona haya: "Masikio yangu yanahitaji muda. Naomba tushuke kwa kamba, miguu ikitangulia, na nikikuonyesha ishara ya sikio tusimame." Mkufunzi mzuri atafurahi kuambiwa. Anayekujibu kwamba hakuna muda, mwache ukatafute mwingine, hata kama umekwisha kulipa malipo ya kwanza.

Waombe waanzie penye mchanga wa mita tano hivi, si kwenye ukuta wa matumbawe. Mbizi ya majaribio isiyo na cheti haizidi mita 12, na cheti cha kwanza huruhusu mita 18, kwa hiyo hupotezi chochote kwa kwenda taratibu. Usishangae ukifungwa kiunoni vipande vingi vya risasi, vile vizito vya kukuzamisha, kuliko ulivyotarajia: maji ya chumvi ni mazito kuliko ya Kivu na hukuinua zaidi.

Usimeze dawa ya kufungua pua ili kushuka na mafua. Dawa inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, na hewa iliyoingia sikioni ikakosa njia ya kutokea wakati wa kupanda. Ahirisha.

Halafu fanya kama ulivyofanya ziwani: sawazisha juu, shuka nusu mita, sawazisha. Tofauti ni kwamba sasa unapumua mfululizo kwenye mtungi, na hupaswi kushikilia pumzi hata kidogo. Tangu mita ya tano utaona nafasi kati ya kusawazisha na kusawazisha inarefuka yenyewe.

## Hatua ya 8: Elea, usiguse

Masikio yakitulia, utapata nafasi ya kuona. Sikiliza kwanza: mkwaruzo mkavu unaokujia kutoka kila upande ni pono, wakiguguna mwamba kwa meno yao yanayofanana na mdomo wa kasuku. Mkaribie mmoja polepole. Utaona alama mbili nyeupe anazoacha kwenye jiwe, kisha wingu la mchanga mweupe likimtoka nyuma anapoogelea, kwani mwamba aliousaga hutoka kuwa mchanga, na sehemu ya mchanga ule wa fukwe za Unguja ilipita tumboni mwa samaki huyo.

Tumbawe si jiwe. Ni mkusanyiko wa wanyama wadogo laini waliojijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya miili yao huishi mwani unaowapa chakula na rangi. Aina zenye matawi hukua sentimita chache tu kwa mwaka, na zile za mviringo hata chini ya hapo. Teke moja la pezi linaweza kuvunja kilichojengwa tangu mtoto wako alipozaliwa.

Kwa hiyo lala kifudifudi, magoti yakiwa juu kidogo ya kiuno, mikono ukiikunja kifuani. Kupanda na kushuka kwako kutawale kwa mapafu: ukivuta pumzi, baada ya sekunde chache utainuka, ukiitoa, utashuka. Jaketi la kuelea litie hewa kidogo kidogo tu. Umefaulu ukiweza kukaa mahali pamoja kwa pumzi tano, mita moja juu ya mchanga, bila kupiga mguu wala mkono. Hapo ndipo unapoweza kusogelea matumbawe.

## Hatua ya 9: Panda polepole

Usizidi mita tisa kwa dakika, na usimame mita tano kwa dakika tatu. Endelea kupumua wakati wote, maana hewa iliyo mapafuni hutanuka unapopanda, na ukiifungia inaweza kulipasua pafu hata kutoka kina kidogo. Wakati wa kupanda usibane pua na kupuliza: kwa kawaida masikio hujifungua yenyewe.

## Hatua ya 10: Kurudi nyumbani mlimani

Hapa ndipo mtu wa Goma anapotofautiana na mtu wa Tanga au Mombasa, na hapa ndipo ninapoomba umakini wako wote.

Ukiwa chini ya maji, naitrojeni ya hewa unayopumua huyeyuka katika damu na nyama za mwili. Hutoka polepole baada ya mbizi. Ukipanda mahali penye shinikizo dogo kabla haijatoka ya kutosha, hugeuka kuwa mapovu, na mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, na hata kupooza.

Mwongozo wa kawaida ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyo na kina kikubwa, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa, ndipo upande ndege. Wengi wetu husahau kwamba hata asiyepanda ndege anapanda. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na Kigali, ambako wengi wetu hupitia, iko juu zaidi ya hapo. Anayetoka Dar es Salaam kwa basi anaifuata njia ile ile kuelekea juu, tofauti ni mwendo tu. Ushauri wangu ni huu: mbizi ya mwisho iwe saa 24 kamili kabla ya kuondoka pwani, kwa chombo chochote utakachosafiria. Siku hiyo itumie kutembea Mji Mkongwe na kunywa maji mengi.

Kama unataka kuona kinachotokea, funga chupa yako tupu ukiwa ufukweni Nungwi na uitie mkobani. Utakapoifungua Goma, itapumua kwa sauti: hewa iliyofungwa baharini imekuwa na nguvu kuliko hewa ya hapa kwetu.

Baada ya kufika, jichunguze kwa siku mbili. Sikio lililojaa kidogo kama lenye maji mara nyingi hutulia lenyewe. Lakini maumivu makali, majimaji yanayotoka sikioni, usikivu uliopungua ghafla au kizunguzungu ni sababu ya kumuona daktari siku hiyo hiyo. Ganzi, udhaifu wa mguu au mkono, au maumivu ya kiungo yasiyo na sababu yahesabu kuwa dharura hata kama umekwisha kufika nyumbani, na jambo la kwanza utakalomwambia daktari, kabla ya kuulizwa, ni tarehe na saa ya mbizi yako ya mwisho pamoja na kina ulichofika. Viandike kwenye karatasi ukiwa bado botini, kwa kuwa daktari wa hapa hatakuwa na sababu ya kudhani kwamba mtu aliyeketi mbele yake ametoka chini ya bahari.